Kofia kumi na mbili kwa mikono miwili

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 26, mkaazi wa Langoni, Lamu. Nashona kofia za vito, zile zenye nakshi ya matundu madogo yaliyozungushiwa uzi kwa mkono, kazi niliyofunzwa na mama yangu mdogo tangu nikiwa mwanafunzi. Kofia moja hunichukua kama saa 80, nami hupata saa tatu tu kwa siku baada ya kazi za nyumbani. Miaka yote tumekuwa tukimshonea tajiri mmoja ambaye hutupa kitambaa na uzi, kisha hulipa shilingi 3,000 kwa kofia. Mwaka huu nilianza kuweka picha mtandaoni, nikauza tatu kwa shilingi 6,500 kila moja. Sasa mteja wa Muscat, Oman, ameagiza kumi na mbili za harusi itakayofanyika baada ya wiki kumi, na ametanguliza nusu ya fedha. Rafiki yangu ananishauri ninunue kofia za watu wengine, hata za mashine zilizo nzuri, nizitume kama zangu. Mama mdogo naye asema nimeiba nakshi yake na kumzunguka tajiri, na kwamba msichana wa heshima hajianiki mitandaoni. Hatusemezani. Je, niache, nirudi kwa tajiri? – Mshona Kofia*

Marahaba, mwanangu. Biashara usiiache. Lakini kabla hatujamfikia tajiri wala mama yako mdogo, tumtazame kwanza huyu mteja wa Muscat, kwa kuwa fedha zake unazo na hesabu ya kazi yake haikai.

Kofia kumi na mbili kwa saa 80 kila moja ni saa 960. Kwa saa zako tatu za kila siku, hiyo ni kazi ya siku 320, yaani karibu mwaka mzima, ilhali harusi iko baada ya siku 70. Katika siku hizo utashona kofia mbili na nusu, na hiyo nusu haivaliki. Nadhani ulikubali kwa furaha ya kuona oda kubwa, na sikulaumu, ila ukweli huu mteja anapaswa kuujua sasa, akiwa bado ana nafasi ya kuamua, wala si wiki moja kabla ya harusi.

Ushauri wa rafiki yako uweke kando kabisa. Anayenunua kofia ya mkono hununua yale matundu madogo yaliyotobolewa moja moja na kuzungushiwa uzi hadi yakakaza, na watu wa Oman wanaijua kazi hiyo, maana kofia zao wenyewe hushonwa kwa namna iliyo karibu sana na hizi zetu. Huyo bwana ataipindua kofia atazame upande wa ndani, na mshono wa mashine utajieleza wenyewe. Hata kama asingegundua, ungekuwa umempa kitu alichoweza kukipata dukani kwa bei ndogo huku ukimtoza bei ya saa 80 ambazo hakuna aliyezishona.

Kushirikisha washonaji wengine, hata hivyo, si jambo baya, mradi lifanyike wazi. Lamu Mjini na Siyu hamkosi watu wenye mikono mizuri. Mweleze mteja kwamba kofia mbili utazishona wewe na nyingine zitashonwa na watu unaowafahamu, na umtumie picha ya kazi ya kila mmoja ili achague, kwa kuwa hakuna mikono miwili inayokaza uzi sawasawa na kofia zitakazopangana kichwani mwa ndugu kumi na wawili katika picha ya harusi lazima zifanane angalau kitambaa na nakshi. Muombe pia vipimo vya vichwa, kwa inchi, kabla ya mtu yeyote kukata kitambaa, maana kofia ya vito ikishakamilika haina pa kupanuliwa. Akisema anataka zako tu, mrudishie sehemu ya fedha au mkubaliane muda mrefu zaidi. Akikataa yote mawili, mrudishie zote. Natumaini hujazitumia.

Na hao utakaowapa kazi uwalipe vizuri. Tajiri wenu hulipa shilingi 3,000, ambazo ukizigawa kwa saa 80 ni shilingi 37 na senti 50 kwa saa. Wewe kwa shilingi 6,500, ukiondoa kitambaa, uzi, wanga na gharama ya kutuma, tuseme shilingi 1,000 kwa jumla, wabaki na takriban shilingi 69 kwa saa. Ni afadhali, lakini si utajiri. Ukimpa mwenzio 3,000 na wewe ukauza 6,500, utakuwa umejigeuza tajiri wa pili, na malalamiko uliyo nayo leo yatakuwa yake kesho. Kata fungu dogo kwa ajili ya kutafuta mteja na kutuma mzigo, mwambie ni kiasi gani, kilichobaki kiwe chake. Bei yako nakushauri uipandishe kwa wateja wajao, ila huyu wa Muscat mlishapatana. Bei yake haiguswi.

Sasa mama yako mdogo. Katika maneno yake matatu, mimi naona moja lina uzito, jingine lina nusu ya uzito, na la mwisho lina dawa rahisi.

Lenye uzito ni la nakshi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, lakini sheria hiyo iliwekwa ili jamii isiporwe mali yake na watu wa nje, nayo haitawaamulia ninyi wawili. Nakshi nyingi za vito zimepita mikononi mwa watu wengi hata hakuna awezaye kudai ni yake peke yake. Lakini kama hiyo uliyoipiga picha ni nakshi aliyoichora mama yako mdogo kwa fikra zake, basi ulipaswa kumuomba ruhusa, na hujachelewa kufanya hivyo. Akikubali, andika chini ya picha kwamba nakshi ni yake, kwa jina atakalolipenda mwenyewe. Akikataa, iondoe.

La tajiri ndilo lenye nusu ya uzito. Huna mkataba wa kumshonea maisha yako yote, na kuuza kwingine si wizi. Hata hivyo, jiulize kama kitambaa na uzi wake ulivitumia katika zile kofia tatu ulizouza. Kama ndivyo, hapo ulikosea na unadaiwa, mlipe. Kama una kazi yake ambayo hujaimaliza, imalize kwanza. Vilevile chunguza, kwa adabu, kama mama yako mdogo hukopa kwake wakati wa dhiki, kwa sababu matajiri wa aina hii mara nyingi ndio benki ya washonaji, na huenda hasira yake ni hofu ya kufungiwa mlango huo kwa sababu yako.

Ama heshima, kofia haihitaji uso wako. Piga picha ya mikono, ya kofia ikiwa juu ya kalibu inayoipa umbo, na ya mshono kwa ndani, ambayo ndiyo wanunuzi wajuao huitafuta. Sauti na sura yako si sehemu ya bidhaa, na mteja anayezidai mwache aende zake.

Mengine ni madogo. Ujumbe wa M-Pesa usikutoshe. Tazama salio lako kabla ya kutuma kitu. Wateja wa nje wanaweza kulipa kwa PayPal ukazitoa kwenye M-Pesa, jambo linalowezekana tangu 2018. Kifurushi kitakachovuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha kiendelee kwa gari la abiria, kifungie nailoni ndani, maana kofia iliyotiwa wanga ikipata maji ya bahari huharibika. Na kwa kuwa misimu ya kuuza kofia, Idd na Mfungo Sita (mwezi wa Maulidi), huja mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, shona miezi ya kimya na uuze zilizo tayari, badala ya kuuza ahadi.

Usimjibu mteja kabla hujaenda kwa mama yako mdogo. Nenda na hesabu hiyo ya saa 960 uliyoiandika kwenye karatasi, muombe radhi ya nakshi, kisha muulize kama angependa kushona nne au tano katika hizo kofia kwa bei kamili. Jibu lake ndilo litakalokuwezesha kumwambia bwana wa Muscat ni kofia ngapi atazipata, na kwa mikono ya nani.