Suí yù ér ān sio "kubali yaishe"

Mkuu umeuliza huu msemo wa Kichina suí yù ér ān (随遇而安) maana yake nini na kama unaweza kumwambia rafiki yako Mchina ambaye kazini wamemhamishia mkoa wa mbali. Nimesoma Wuhan miaka minne, ngoja nikwambie nilivyoielewa mimi.

Suí ni kufuata, yù ni yale yanayokukuta, ér inaunganisha tu, ān ni kutulia. Yaani popote maisha yatakapokutupa moyo wako unatulia. Uzito wote uko kwenye ān na hapo ndo wengi tunakosea, tunasema "ridhika na ulichonacho". Hiyo ni nyingine, zhī zú cháng lè. Na ile yetu ya ukienda kwa wenye chongo inaendana na rù xiāng suí sú, inahusu desturi za watu.

Mimi niliisikia kwa mama aliyekua analinda hosteli yetu. Baridi ya mwaka wa kwanza, na Wuhan majengo mengi hayana yale mabomba ya kupasha joto kama Beijing, chumbani ukipumua unaona moshi, nalala na koti. Siku hiyo kanikuta nimekaa ngazini naota jua, nimekumbatia chupa ya maji ya moto, naongea na mama yangu Tanga nacheka, basi akamwambia mwenzie huyu binti ni suí yù ér ān. Ilikua sifa kabisa, na ndo inavyotumika zaidi, unamsifia mtu kwa tabia yake au unajisemea mwenyewe.

Ukiuliza mfano wa mtu wa hivyo, Wachina wengi watakutajia Su Shi, mshairi aliyekua ofisa wa serikali, mwaka 1080 akapelekwa uhamishoni Huangzhou, sio mbali na Wuhan. Hela hana, akapata shamba lililotelekezwa akalilima mwenyewe, alafu akajiita Dongpo, yaani mteremko wa mashariki, palepale shamba lilipo. Mimi hiyo ya jina hua inanigusa sana.

Sasa kwa rafiki yako, usianze wewe. Nilishamwambia hivyo mwanadarasa mwenzangu aliyekosa kazi aliyoitaka akarudi kwao kijijini, nilidhani namfariji, akanyamaza. Baadae akaniambia alisikia kama namwambia aache kulalamika. Iliniuma. Muulize kwanza huko kukoje, chakula anakionaje, majirani je. Akiitamka mwenyewe hapo muitikie, ila kwa sasa mwambie tu màn màn lái, taratibu.