Gari Limeziba Geti Lako: Fanya Hivi Kabla ya Kupiga Honi

Sinza, hapa Dar es Salaam, ilipimwa viwanja miaka ya 1970 iwe makazi, na mitaa ikakatwa kwa kipimo cha wakati ambao wenye magari walikuwa wa kuhesabika. Leo nyumba ya kulia ni baa, ya kushoto saluni, ya mbele ukumbi wa sherehe, na wateja wote wanakuja na magari. Sisi tunaokaa katikati tunayajua matokeo yake. Unafungua geti alfajiri uwahi kazini, unakuta gari limeegeshwa ubavu kwa ubavu na geti lako, mwenyewe hajulikani alipo.

Adha hii nimeishi nayo miaka mingi, tena nikiwa na mama yangu anayetumia kiti cha magurudumu. Nimejaribu mengi, na haya ndiyo niliyoona yanasaidia.

Honi iache. Mwenye gari yuko kwenye muziki, hakusikii. Wanaosikia ni majirani waliolala. Tazama kwanza nyuma ya kioo cha mbele kama ameacha namba ya simu. Kama hakuna, waulize wanaoutazama mtaa muda wote: mlinzi wa ukumbi, muuza chipsi, vijana wa bodaboda pale kijiweni. Hao huwa wameona gari likisimama na aliyeshuka ameelekea mlango upi. Kama kuna shughuli ukumbini, mpe mlinzi namba za gari na rangi yake, ampelekee MC atangaze. Mtu akisikia namba za gari lake zinatajwa mbele ya wageni wote, anatoka haraka.

Akishatoka, neno lako la kwanza ndilo linaloamua. "Habari kaka, samahani, naomba unisogezee gari nipate kutoka." Wengi watakuomba radhi wenyewe. Ukianza na "huna akili?" naye atakujibu, watu watajaa, na gari litabaki palepale. Kutoa upepo kwenye matairi nako usithubutu. Gari lisilo na upepo halisogei, kwa hiyo umejifungia mwenyewe, na kuharibu mali ya mtu ni kosa hata kama yeye ndiye aliyeanza kukukosea.

Lakini dawa ya kudumu haipatikani usiku wa sherehe. Sisi tulimfuata mwenye ukumbi asubuhi ya siku ya kazi, mimi na baadhi ya majirani, tukazungumza naye kwa utulivu. Tulimwomba siku za shughuli aweke mlinzi upande wa mageti yetu, na MC awakumbushe wageni mapema, kabla watu hawajakolea. Alikubali, na usumbufu umepungua sana. Mwenye biashara akigoma, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nendeni wengi. Maandishi getini yanasaidia pia, mradi yawe makubwa na ya rangi inayoonekana gizani. Mawe na matairi yaliyojazwa zege ambayo watu huyapanga mbele ya nyumba zao siyaungi mkono kabisa. Pale ni hifadhi ya barabara, si uwanja wa mtu, na mwenye bodaboda akiyavaa usiku anaumia vibaya.

Wengi hudhani ubaya wa kuegesha ovyo unaishia kwa mwenye geti. Njoo utembee na mimi na mama. Nasukuma kiti kwenye njia ya waenda kwa miguu, nakuta gari limepandisha matairi mawili juu yake, na upande wa pili ni mtaro usio na mfuniko. Hapo sina budi kushuka barabarani. Kiti hakishuki ukingo kwa mbele, mtu atamwagika. Inabidi nikigeuze, nitangulie kushuka mimi kinyumenyume, niyapokee magurudumu makubwa, huku mgongo wangu umeelekea daladala zinazokuja. Mama hushika mikono ya kiti kwa nguvu na hasemi kitu mpaka tupande tena. Mwenye gari alikuwa ameingia dukani kununua vocha.

Na kuna moto. Magari mawili yakiegeshwa pande mbili za mtaa mwembamba, gari dogo linapenya, la zimamoto halipenyi, kwa kuwa upana wake unakaribia mita mbili na nusu. Utapiga 114, gari litafika mwanzo wa mtaa, litakwama hapo. Kubalianeni na majirani kuegesha upande mmoja tu wa mtaa, na wageni wenu waambieni kabla hawajafika.

Wewe unayeegesha, acha namba ya simu kwenye dashibodi. Dada zangu wengi wanahofia kusumbuliwa, na hofu hiyo ina msingi. Tumia laini ya pili na usiandike jina. Kama unakwenda mahali ambapo simu haitasikika, usizibe njia ya mtu hata kwa dakika tano.

Kuna na wale wanaotanua kwenye foleni, wakapita kwenye vumbi la pembeni kisha wakachomekea mbele. Usishindane nao. Waache waingie, hasira yako haitarudisha dakika hizo.

Ila kwenye zebra sina uvumilivu. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, trafiki wapo, faini zipo, na bado katika barabara yenye njia mbili kila upande, kama Sam Nujoma, gari moja linasimama kuvusha watu na la pembeni linapita kwa kasi. Ukikaribia zebra, punguza mwendo mapema na utoe mkono dirishani upunge chini, aliye nyuma ajue unasimama. Usimpungie mtembea kwa miguu avuke kabla hujatazama kwenye kioo cha pembeni kama njia ya pili nayo imesimama. Na ukiona gari la jirani yako limesimama kwenye zebra, simama na wewe, hata kama mbele yako humwoni mtu. Huenda ni mtoto, na boneti la gari hilo limemficha.