R22 imeadimika, fundi anataka kuniwekea propani: nikubali?

Swali: Asalaam alaykum mhandisi. Nina chumba cha baridi cha samaki hapa Tanga, mita tatu kwa tatu, kimo mita mbili na nusu. Mashine yake ni ya gesi ya R22, inachukua kama kilo tatu. Kila baada ya miezi michache baridi inapungua, fundi anakuja kuongeza gesi. Safari hii ameniambia R22 imepigwa marufuku ndiyo maana bei imepaa. Fundi mwingine anasema ataniwekea propani, ni rahisi na inagandisha vizuri. Kijana wangu naye anasema niweke gesi mpya isiyoharibu ozoni. Nimsikilize nani?

Jibu: Wa alaykum salaam, mama. Wote watatu wamekuambia jambo lenye ukweli ndani yake, ila sioni aliyekuuliza hizo kilo tatu huwa zinakwenda wapi.

Gesi ya mashine ya baridi haiishi kwa kutumika. Inazunguka mle mle ndani ya mabomba: inabanwa na kompresa, inatoa joto nje kwenye kondensa, inarudi ndani kuchukua joto la samaki wako, basi. Mashine iliyofungwa sawasawa inakaa miaka bila kuongezwa. Ukiona unaongeza kila baada ya miezi michache, inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta inapovuja anakuuzia gesi ya kupeperusha hewani. Kilo moja ya R22 ikitoka inalipasha joto anga sawa na kilo 1,810 za kaboni dayoksaidi, kwa hesabu ya miaka 100. Kilo tatu zako zikivuja zote, ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 2,300 za petroli. Daladala inatembea siku nyingi kwa mafuta hayo.

Sasa hilo la marufuku. R22 imo kwenye orodha ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni. Kwa nchi zinazoendelea, kiwango cha kuanzia ni wastani wa matumizi ya 2009 na 2010. Kikafungwa hapo, kisiongezeke tena, mwaka 2013, kikapunguzwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, na asilimia 67.5 mwaka 2025. Maana yake nchi sasa inaruhusiwa chini ya theluthi moja ya ile iliyokuwa ikitumia, na ikifika 2030 itabaki asilimia 2.5 tu, ya kuhudumia mashine za zamani hadi 2040. Sheria inabana mtungi bandarini, haiigusi mashine iliyokwisha fungwa ukutani kwako. Hakuna atakayekuja kukung'olea chumba chako. Ila bei haitashuka, na fundi wako wa kwanza hakukosea kukutahadharisha.

Kijana wako anazungumzia gesi zilizokuja kuchukua nafasi ya R22: R134a, R404A, R410A na ndugu zake. Kweli haziharibu ozoni, kwa sababu hazina klorini. Tatizo ni kwamba nyingi zinapasha joto dunia vibaya sana. R404A, ambayo imejaa kwenye vyumba vya baridi na friza za maduka, kilo yake moja ni sawa na kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi, zaidi ya mara mbili ya R22. Tulitatua tatizo moja tukalikuza jingine. Ndiyo sababu tarehe 15 Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali zikaongeza gesi hizi kwenye mkataba ule ule. Wenye viwanda vikubwa, Ulaya na Marekani, walipangiwa kuanza kupunguza 2019. Afrika iko kundi la kufunga kiwango mwaka 2024, kisha kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, hadi asilimia 80 ifikapo 2045. Nchi za Ghuba, ambako mashine nyingi za mitumba zinashuka kuja pwani yetu, zina nafasi zaidi, zinafunga 2028. Kwa hiyo jihadhari na AC na friza za bei ya kutupa kutoka huko. Unanunua mashine, na pamoja nayo unanunua shida ya gesi ambayo mwenyewe ameikimbia.

Hata hivyo huwezi kuchukua hiyo gesi mpya ukaimimina tu. R410A ndiyo kabisa usimruhusu mtu. Mtungi wa R22 ukiwa kwenye joto la nyuzi 30, geji inasoma karibu psi 158 (psi ni kipimo cha presha). R410A kwenye joto hilo hilo inasoma karibu psi 258. Mabomba na kompresa yako hayakutengenezwa kwa presha hiyo, na hata oili iliyomo ndani haichanganyiki nayo. Kuna gesi zinazouzwa kama mbadala wa kumimina moja kwa moja, kwa mfano R422D. Zinafanya kazi, sikatai, lakini R422D kwa kipimo kile cha kaboni dayoksaidi ni 2,729. Utakuwa umetoka kwenye gesi inayopasha joto dunia ukaingia kwenye inayopasha zaidi, kwa gharama zako mwenyewe.

Tuje kwenye propani, maana hapo ndipo penye hatari. Fundi wako wa pili hakudanganya. Propani ya friji, R290, presha yake iko jirani na ya R22, inakubaliana na oili ya zamani, na kwa uzito inatosha chini ya nusu. Upashaji joto wake kwa kipimo hicho hicho ni kama 3 tu. Kwa anga ni gesi nzuri mno. Lakini inawaka, na mashine yako haikuundwa kwa kitu kinachowaka.

Piga hesabu na mimi. Chumba chako ni mita za ujazo 22.5. Propani inaanza kuwaka ikifika asilimia 2.1 ya hewa, yaani karibu nusu mita ya ujazo, ambayo uzito wake haufiki kilo moja. Mashine ya kilo tatu za R22 itataka kama kilo moja na robo ya propani. Ikivuja yote usiku, mlango umefungwa, chumba kizima kinaweza kulipuka. Na haisubiri kuenea: ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, kwa hiyo hata kidogo kinatosha kule chini. Asubuhi unafungua mlango, unawasha taa, swichi inatoa cheche. Feni za ndani, hita ya kuyeyusha barafu, kidhibiti joto, vyote vinaweza kutoa cheche. Na wewe umeshaniambia mashine inavuja! Kwa chumba chako jibu ni hapana, na kama anachokusudia ni gesi ya kupikia, hapana mara mbili, maana ile ina butani, ina harufu iliyotiwa makusudi na inaweza kuwa na unyevu, vitu visivyotakiwa ndani ya kompresa.

Cha kufanya ni hiki. Mwambie fundi kwanza avute gesi iliyobaki airudishe mtungini kwa mashine ya kuvutia; asifungue valvu ikatoka nje. Kwa bei ya sasa hiyo ni mali yako. Kisha ajaze naitrojeni kwenye mabomba na apake povu la sabuni kila kiungo. Asitumie oksijeni ya kuchomelea hata siku moja. Oksijeni ya presha ikikutana na oili inalipuka, na wapo wanaoitumia kwa sababu ndiyo mtungi walio nao. Aanzie kwenye evapureta, yale mabomba ya ndani yanayochukua joto la samaki. Chumvi ya samaki na maji ya kuoshea sakafu hula kona za mabomba pale yanapopinda, na upepo wa bahari unafanya hivyo hivyo kwenye kondensa ya nje. Pale palipo na doa la oili lililoshika vumbi, hapo ndipo. Zipo pia zile nati za kukaza kwa spana, na kale kavalvu kadogo anakochomeka geji kila akija. Kako kanaweza kuwa ndiko kanakokumaliza, na hakagharimu kitu.

Akishaziba, avute hewa na unyevu kwa pampu, kisha apime R22 kwa mizani kufuata kibandiko cha mashine, asikadirie kwa kugusa bomba kama lina umande. Mtungi mpya apime presha kabla ya kuufungulia, ukiwa umekaa kivulini usiku kucha. Kwa nyuzi 30 usipokaribia psi 158, kilichomo si R22 safi, na rangi ya mtungi isikudanganye. Gesi ikiadimika, bandia huingia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyotiwa gesi bandia yalilipuka na kuua mafundi Vietnam na Brazil.

Ukishaziba, mashine hiyo inaweza kukufikisha mbali. Lakini anza kuweka akiba, kwa sababu kompresa ikifa baada ya 2030 sioni faida ya kuifufua. Utakapobadilisha, ulizia mashine ndogo za ukutani zilizoundwa kwa R290 tangu kiwandani, zenye gramu 150 au pungufu kwa kila mzunguko. Piga tena hesabu ya chumba chako: gramu 150 zikichanganyika na hewa yote ya humo hazifiki hata robo ya kiwango cha kuwaka, na vifaa vyake vya umeme vimeundwa visiwashe gesi. Mafunzo ya kuzihudumia yanahitajika, kwa hiyo muulize fundi kama amesomea gesi zinazowaka, VETA au kwingineko, kabla hujampa kazi.