Kasi ya Galaksi Hupimwa Upesi, Umbali Ndio Kazi

SWALI: Mhariri, husemwa kwamba ulimwengu unapanuka. Kasi hiyo hupimwaje, ilhali hakuna aliyewahi kufika huko na kamba ya kupimia? Na mbona kitabu kimoja kinataja 73 na kingine 67? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kasi ndiyo sehemu nyepesi. Nuru ya galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, ikichanuliwa rangi zake huonyesha mistari ya elementi kama haidrojeni, ambayo mahali pake panajulikana maabara. Galaksi ikiwa inatuacha, mistari hiyo huonekana imesogea upande wa wekundu, na kadiri ilivyosogea ndivyo kasi inavyokokotolewa.

Umbali ndio uliowatoa watu jasho. Mwaka 1912 mwanaastronomia Henrietta Leavitt wa Harvard, Marekani, akichunguza nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan (galaksi ndogo jirani yetu), alieleza kwamba nyota ziitwazo Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa zamu, huchukua siku nyingi zaidi kumaliza zamu moja kadiri zilivyo na nuru kubwa zaidi. Basi ukihesabu siku umeujua ung'avu halisi, na taa ambayo nguvu yake unaijua, uhafifu wake machoni hukwambia iko mbali kiasi gani. Kwa njia hiyo mwanaastronomia Edwin Hubble alionyesha mwaka 1929 kwamba galaksi iliyo mbali maradufu hutuacha kwa kasi maradufu. (Padri Mbelgiji, Georges Lemaître, alikwisha kuifikia hoja hiyo mwaka 1927, ila sifa zilimwendea Hubble.)

Hubble alipata takriban kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Kwa kiwango hicho ulimwengu ungekuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, mdogo kuliko miamba ya Dunia! Kosa lilikuwa katika umbali: mwaka 1952 mwanaastronomia Walter Baade alibainisha kwamba Sefeidi zilizochanganywa pamoja zilikuwa za aina mbili zenye ung'avu tofauti.

Ama vitabu vyako, kila kimoja kina njia yake, na namba zote mbili ni za kipimo hicho hicho cha kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki. 73 hutokana na Sefeidi na nyota zinazolipuka. 67 hukokotolewa kutokana na mnururisho uliobaki tangu uchanga wa ulimwengu, uliopimwa na satelaiti ya Planck. Kwa kuwa namba hizo hazipatani, ilidhaniwa kwamba darubini ya angani iliyopewa jina la Hubble ilikuwa ikizikosea Sefeidi zilizosongamana na nyota nyingine, lakini darubini ya James Webb, yenye jicho kali zaidi, ilipozikagua upya ilikuta vipimo vile havikuwa na kosa hilo.