Binti yangu aliuawa Garissa. Je, kumlilia ni kukosa imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Binti yangu ni mmoja wa wanafunzi waliopigwa risasi Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Sanduku lake la bati ninalo hadi leo. Pasaka ikikaribia nalifungua, nakunjua nguo zake, nazikunja tena, nalia. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba kulia miaka yote hii ni kumnung'unikia Mungu. Sasa wanataka nisimame kwenye ibada ya Pasaka nitangaze kwamba nimewasamehe wauaji. Kijana wangu naye ameacha kanisa, na hataki hata kununua mkate dukani kwa Mwislamu. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, mama. Kumlilia mwanao si dhambi. Haikuwa dhambi mwaka ule, si dhambi leo, na hakuna mzee wa kanisa aliyepewa mamlaka ya kukuwekea siku ya mwisho ya kulia.

Maneno ya huyo mzee nayajua; tunayasikia kila matanga. Ajuza wa miaka 90 akilala usiku asiamke, mtu akasema kazi ya Mungu haina makosa, nami nitaitikia amina. Lakini alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili, kesho yake ikiwa Ijumaa Kuu, watu wanne wenye bunduki waliingia chuoni, wakawamiminia risasi vijana waliokuwa kwenye maombi ya asubuhi, kisha wakaingia bwenini wakitenganisha Waislamu na Wakristo. Walikufa watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Hiyo ni kazi ya nani? Al-Shabaab walitangaza wenyewe kwamba ni yao. Iweje mzee wa kanisa awavue wauaji kazi waliyojivunia, aende kumvika Mungu aliyesema "Usiue"?

Najua atakimbilia Ayubu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Atazame nani aliyasema. Aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe, na nguo zake zikiwa zimeraruliwa. Hakuna aliyekuja kumwambia. Rafiki zake walifanya vema siku saba walizokaa naye chini kimya. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelia na kulalamika sura baada ya sura.

Au atasema kama wengine wanavyonong'ona, kwamba pengine palikuwa na jambo katika nyumba hiyo. Hilo Yesu alishalijibu. Katika Luka 13 aliletewa habari za Wagalilaya ambao Pilato aliichanganya damu yao na dhabihu zao, yaani watu waliouawa wakiwa ibadani. Akauliza kama walikuwa wenye dhambi kuliko Wagalilaya wengine wote, akajibu mwenyewe: sivyo. Mimi sijui kifungu kinachokaribia zaidi yale ya Garissa, na nashangaa jinsi kinavyohubiriwa mara chache.

Tena wapo wasemao shahidi wa imani haliliwi, hushangiliwa. Kanisa la kwanza halikujua hayo. Stefano alipopigwa mawe, alikufa akiziona mbingu zimefunguka. Mtu angetarajia nyimbo za ushindi. Matendo 8:2 inasema watu watauwa, yaani wacha Mungu, walimzika, wakamfanyia maombolezo makubwa. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Hakuwaambia wasihuzunike kabisa. Wewe mama una matumaini, na una huzuni. Vyote viwili vinakaa nyumba moja.

Kuhusu msamaha nitasema taratibu, maana hapa ndipo unapoumizwa. Bwana ametuagiza kusamehe, sitalipunguza neno hilo. Lakini msamaha unaosukumwa mdomoni ili ibada ipendeze si ule alioagiza. Anza na hili: "Msijilipize kisasi." Kama hujawaombea wauaji mabaya yawapate watoto wao, kama umemwachia Mungu hukumu, hata kwa kuuma meno, umeshaingia njiani. Mengine yatakuja, au utayafikisha kaburini ukiyaombea. Mungu hana haraka ya mwenyekiti wa kamati ya Pasaka.

Na kusamehe hakufuti kesi. Mwaka 2019 mahakama jijini Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa njama ya shambulio lile, mmoja akafungwa maisha. Ukiliona hilo kuwa haki, hujatenda dhambi. Ukiuliza kwa nini wanafunzi hawakulindwa vizuri zaidi, hujaasi serikali. Roho za waliouawa katika Ufunuo zinamlilia Mungu "hata lini", tena zikiwa chini ya madhabahu yake.

Kijana wako asihubiriwe kwanza. Amempoteza dada, na huenda kila mtu amekuwa akimwambia amtunze mama bila kumuuliza yeye analalaje. Muulize. Akishasema yake, msimulie habari za basi la Mandera, Desemba mwaka uleule wa 2015. Al-Shabaab walilisimamisha, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, akina mama walikuwa wameshawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi pale, akafa Januari iliyofuata. Mwenye duka wa mtaani kwenu hana deni la damu ya binti yako.

Sanduku usikubali lichukuliwe na mtu kwa kisingizio cha kukusaidia kusahau. Ila usilifungue peke yako kila mwaka. Mwite dada mmoja wa kanisa asiye na maneno mengi, akushikie ncha ya leso mkikunja. Na kama usingizi umekukimbia au chakula hakipiti, nenda ukamwone mshauri nasaha hospitalini. Kwenda huko si kumwacha Yesu.

Siku ya Pasaka kaa kwenye kiti chako, au baki nyumbani ukishindwa. Usisimame. Wakikushurutisha, nipe jina la mchungaji wako nimpigie simu mimi.