Solo inamezwa jukwaani: usikimbilie ampi kubwa

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kwa nini solo yako ya gitaa nyumbani inasikika tamu lakini ukipanda na bendi kwenye harusi au baa inapotea, na je, ukanunue ampi (kikuza sauti cha gitaa) kubwa zaidi? Ampi iache kwanza. Kwa kawaida gitaa humezwa kwa sababu ya namna sauti ilivyopangwa, na hilo linarekebishika bila gharama kubwa.

Ukipiga peke yako chumbani, sikio linapenda besi nzito na trebo kali, kwa hiyo sauti ya kati unaishusha. Jukwaani, chini ya hezi 100 (hezi hupima sauti ilivyo nzito au nyembamba) kuna gitaa la besi na ngoma ya mguu. Juu kabisa kuna matoazi. Gitaa lako linaishi katikati, na hapo ndipo umepapunguza mwenyewe. Punguza besi hadi uone imezidi kupungua, halafu pandisha sauti ya kati, hezi 800 hadi 2,500. Distoshoni (mkwaruzo wa sauti) ibaki nusu ya ile ya nyumbani, na riva (mwangwi wa kuongezwa na mtambo) karibu uizime, maana ukumbi wenye kuta tupu una mwangwi wake tayari. Ukiwa peke yako sauti hiyo itakukera. Usiiguse, subiri bendi nzima iingie ndipo uihukumu.

Zungumza pia na mpiga kinanda. Akijaza kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mikono yote miwili wakati wewe unapiga solo, hakuna kitufe kitakachokuokoa. Mwombe aondoe mkono wa kushoto, kwa kuwa kazi hiyo mpiga besi anaifanya tayari. Kwa solo yenyewe tumia pedali (kiboksi cha kukanyaga kwa mguu) safi ya kuongeza sauti, desibeli 3 hadi 5, na uiweke baada ya distoshoni. Ukiiweka kabla, utapata mkwaruzo zaidi, sauti haitapanda sana.

Sasa njia ya kufika kwenye miksa. Kumbi nyingi hazina ampi ya gitaa, na fundi mitambo atakupa waya uchomeke moja kwa moja. Gitaa lenye pikapu (sumaku za kunasa sauti ya nyuzi) za kawaida likiingia kwenye tundu la laini la miksa hupoteza trebo na kusikika kama limefunikwa blanketi, kwa sababu tundu hilo linazivuta pikapu kupita uwezo wake. Tumia kiboksi cha DI (kinachounganisha gitaa na miksa) chenye umeme wake, chenye ukinzani wa kuingilia wa takriban megaomu 1, au prosesa ya gitaa, yaani chombo kinachoigiza ampi na pedali. Ukitumia prosesa, washa ile sehemu inayoigiza kabati la spika. Bila hiyo distoshoni inatoka kama mzinga wa nyuki, na wengi hulaumu miksa bure. Waya wa kutoka kwenye gitaa usizidi mita 6, kwani waya mrefu nao unakula trebo.

Umeme ndio jambo ambalo ningependa ulichukulie kwa uzito kuliko yote. Uganda tunatumia volti 240 na plagi ya pini tatu za mraba. Angalia kibandiko cha nyuma ya chombo chochote kilichotoka Marekani: kikiandikwa 120 tu, hakiingii ukutani bila transfoma ya kushusha. Halafu kuna ile tabia ya kuchukua plagi ya pini mbili na kusukuma kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili iingie. Tundu hilo ndilo la ethi, waya wa ardhini unaokulinda na shoti. Ampi iliyotengenezwa kwa pini tatu ikibadilishiwa plagi hivyo, haina tena ulinzi. Ukishika nyuzi huku mdomo ukigusa maiki iliyounganishwa upande mwingine wa umeme, mwili wako ndio unakuwa waya. Watu wamekufa kwa namna hiyo.

Kabla ya kuimba, chukua multimita (kipima umeme), iweke kwenye volti za AC kwa skeli kubwa kwanza. Ncha moja gusisha kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma zaidi ya volti chache, usicheze. Hakikisha vyombo vyote vya jukwaani vinatoka kwenye ekstensheni moja yenye ethi pamoja na miksa, upime tena. Ukiwa na mngurumo, usikate pini ya ethi kuuondoa. Kiboksi cha DI kina swichi ya kutenganisha ethi ya waya wa sauti tu, na hiyo ndiyo ya kutumia.

Kwenye jenereta, volti hushuka kila ngoma ya mguu inapopiga kwa nguvu. Prosesa inaweza kujizima na kujiwasha katikati ya wimbo. UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri ya akiba ya umeme, mara nyingi hulimaliza tatizo hilo. Adapta za pedali nyingi ni volti 9 zenye hasi katikati, lakini soma kila pedali, kwa sababu ukigeuza unaweza kuiunguza. Jumlisha pia miliampea zote ili adapta isizidiwe. Pedali ya kidijitali ikishiriki adapta moja ya bei rahisi na pedali ya distoshoni, utasikia mlio mwembamba usioisha. Ipe kila pedali tundu lake lililotengwa. Na uwe na njia ya dharura: gitaa, tyuna ya betri, DI, miksa.

Kuhusu upigaji, kwa nyimbo za Lingala, ambazo Kampala huwezi kuzikwepa, solo inasikika zaidi ukipiga nyuzi mbili badala ya moja. Jaribu kwenye ufunguo wa C, uzi wa 3 na wa 1 kwa pamoja, huku ukiunyamazisha uzi wa 2 kwa kidole: freti (vigawanyo vya shingo ya gitaa; 0 ni uzi usiobanwa) 0 na 0, 2 na 1, 4 na 3, 5 na 5, 7 na 7, 9 na 8, 10 na 10, 12 na 12. Hiyo ni skeli nzima. Sauti safi, athari ya korasi (kunenepesha sauti) kidogo, dilei (kurudia sauti) fupi, na seben, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, inakaa. Mwenye gitaa la ridhimu abaki chini ya freti ya 5 ili msigongane. Wazee wakiomba kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa gitaa moja, zima kila kitu, dole gumba libebe besi.

Kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kutambulisha mchumba kwa familia ya bibi harusi, wasemaji wa pande mbili ndio wenye shughuli. Bendi inakaa kimya lakini tayari, na ishara ikija mnaanza papo hapo, kwa sauti ya kuwaacha watu wazungumze. Tyuni upya kila mara jua linapozama: nyuzi zilizopashwa joto hemani zimeshuka, zikipoa zinapanda. Seti ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46 inatosha, pamoja na nyuzi za 1 na za 3 za akiba. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zinaingia hemani chini, kwa hiyo ekstensheni ikae juu ya kreti, sio kwenye nyasi. Ukienda kwa boda, jaza taulo chini ya shingo ya gitaa ndani ya begi, kwani kichwa cha gitaa ndicho huvunjika kwanza.

Malipo yasiachwe kwa maneno ya mdomo. Kiongozi wa bendi aandike kwa ujumbe wa simu: saa za kupiga, nani analipa mafuta ya jenereta, usafiri wa kurudi usiku, chakula. Nusu itumwe kwa mobile money kabla ya siku yenyewe, na salio lipokelewe kabla ya seti ya mwisho, wakati kamati ya harusi bado iko ukumbini.