Albamu ya msanii marehemu aliyoipenda bro, kweli ni biashara tu?

SWALI: Shikamoo anko. Bro wangu alitutoka mwezi wa nne, kwenye simu yake nikakuta Circles, albamu ya rapa wa Marekani Mac Miller, naisikiliza kila usiku. Sasa mshkaji kaniambia albamu za marehemu ni za kuokoteza tu, lebo wanatafuta hela. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, na pole sana mdogo wangu. Mshkaji hajakosea sana, zipo za hivyo, vesi moja ya zamani halafu wageni kibao. Ila hii hapana. Mac alifariki 7 Septemba 2018 akiwa na miaka 26 tu, mwezi mmoja hivi baada ya kutoa albamu ya Swimming, na Circles alishaanza kuirekodi na prodyuza Jon Brion, alitaka hizo mbili ziwe kama pacha, yaani Swimming in Circles, kuogelea kwa kuzunguka. Alipoondoka, Brion akaimalizia kwa kufuata yale waliyoongea Mac akiwa hai, familia ikaitoa 17 Januari 2020.

Sikiliza Good News, wimbo wa humo kwenye Circles, kwa hedifoni. Nyuzi zinadonolewa taratibu, jamaa harapu kabisa, anaimba kama mtu aliyetoka kuamka, anasema watu wanataka kusikia habari njema tu na yeye amechoka. Hajifanyi ngangari. Anafanya usafi kichwani, kidogo kidogo, ndo maana inakushika hivyo.

Usiku wa leo anza na Swimming yote halafu Circles, usiruke hata moja. Na hiyo simu ya bro usifute kitu.